Pedali Waliyorudisha Mamluki

Alhamisi hiyo walikuwa watu saba sebuleni kwa Moinahalima, pale Ikoni, wakijadili gari, na katika saba hao aliyewahi kuendesha gari maishani mwake alikuwa mmoja tu. Huyo mmoja hakuulizwa neno. Aliitwa Salimou, mume wa mwenye nyumba, na alikuwa amekaa kwenye kiti cha karibu na mlango, mguu wa kushoto ameunyoosha mbele ukizuia njia. Goti lilikuwa limepondwa na mawe ya lori mwaka mmoja na nusu uliopita. Daktari alisema limepona. Sawa, limepona, ila halikunjiki.

Miaka ishirini na miwili Salimou aliendesha lori la serikali, na miaka yote hiyo hakuna aliyejua rangi ya kiti anachokalia nyumbani, maana hakai. Kwetu kisiwani Ngazidja nyumba ni ya mwanamke. Mume anakuja na sanduku lake la nguo, anatoka asubuhi, anarudi jioni na samaki, na mambo yanakwenda. Mume asiye na kazi ndiye taabu, kwa sababu anaonekana. Mtu akiingia anamwona, akitoka anamwona, wanawake wakitaka kusema yao wanamwona. Salimou alikuwa ameonekana kwa miezi kumi na minane, na kuonekana huko kulikuwa kunammaliza kuliko goti.

Ndipo Moinahalima akatoa dhahabu yake. Ilikuwa dhahabu aliyoletewa na Salimou mwenyewe siku ya arusi yao kubwa, mji mzima ukitazama. Akasema iuzwe, linunuliwe gari, baba Nouriat apige teksi kati ya Ikoni na Moroni. Nouriat ni binti yao aliyeolewa. Salimou aliposikia aliinamisha kichwa, na mkewe akajifanya hakuona.

"Magari ni mawili," alianza Chamsidine. Huyu ni kaka mkubwa wa Moinahalima, na kwa desturi kaka mkubwa akisema, nyumba imesema. "La kwanza liko hapo Moroni. Ni la yule mamluki mwenye ndevu nyekundu, mkataba wake umekwisha anarudi kwao. Ni otomatiki. La pili liko Mutsamudu, kisiwa cha jirani, kwa mfanyabiashara mmoja, Ridjali. Hilo ni la gia za mkono. Bei ni moja."

"La Moroni," alisema Salimou.

"Tunajadili, shemeji."

Mzee Youssoufa, jirani, mkubwa wa wazee wa mtaa, aliegemea fimbo yake. "Hilo otomatiki, nani anabadilisha gia?"

"Linabadilisha lenyewe, mzee."

"Lenyewe? Bila kuambiwa?" Mzee aliwatazama mmoja mmoja. "Basi leo litabadilisha gia, kesho litabadilisha njia. Mtajikuta Ntsoudjini na hamna shughuli Ntsoudjini."

"Halafu kuna betri," alisema Chamsidine. "Gari la gia za mkono betri ikifa vijana wanalisukuma, linawaka. La otomatiki hata ulisukume siku nzima haliwaki. Kweli si kweli, shemeji?"

"Kweli," alijibu Salimou, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, na ukweli ule ulimponza. Akaongeza haraka: "Lakini halina klachi. Mguu wangu..."

"Mguu utapona."

"Na usipopona?"

"Usipopona, Elamine ataendesha."

Elamine alikuwa mpwa wao, miaka thelathini, leseni ya udereva anayo mfukoni tangu zamani na hajaitumia hata mara moja. Aliposikia jina lake alivua miwani ya jua akaifuta kwa kanzu. Salimou akaelewa vizuri sana. Gari la pedali tatu ni la Elamine. Gari la pedali mbili ni lake. Likija la pedali tatu, yeye atabaki kwenye kiti hiki cha mlangoni mpaka wamtoe kwa jeneza.

Wakakubaliana kwamba mume na mke waende Mutsamudu walione gari la Ridjali, ndipo neno la mwisho litolewe.

*

Walisafiri kwa boti ya mizigo, na Moinahalima alitapika tangu Moroni mpaka Mutsamudu, bandari kwa bandari. Ridjali aliwapokea gatini mwenyewe. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, aliyekulia Unguja akarudi kwao mwaka wa sitini na nne, na kwa kuwa Kinzuani chake na Kingazidja chao havikusikilizana vizuri, alizungumza nao Kiswahili cha Unguja.

Naomba niseme wazi jinsi walivyokirimiwa, kwa sababu baadaye mtasikia mengine. Walipewa maji ya moto ya kunawa. Walipewa chai na mikate ya maji. Adhuhuri walikula wali wa nazi, samaki wa kupaka, kuku mzima, na achari ya ndimu, na mke wa Ridjali alimlazimisha Moinahalima kula mara ya pili, akisema tumbo lililotapika lina haki yake. Hakuna nyumba Ngazidja iliyowahi kuwafanyia zaidi ya hayo.

Baada ya kula wakatoka kulijaribu gari. Lilikuwa zuri, la buluu, limetunzwa. Ridjali akampa Salimou funguo kwa mikono miwili. Salimou aliingia, akauvuta mguu wake ndani kwa kushika suruali, akautupia juu ya klachi. Akawasha. Watu wa gatini waliokuwa wakipakua saruji wakasimama kidogo kutazama, maana kutazama ni bure.

Gari liliruka, likazima. Akawasha tena. Liliruka, likagonga kwa upole kabisa gunia la saruji, likazima. Mara ya tatu mguu uliteleza kwenye klachi ukaingia chini yake ukakwama humo, na Salimou akashindwa kuutoa. Gari likaanza kurudi nyuma polepole kuelekea baharini. Wapakuzi wanne walilishika, wakaliegemea, na mmoja akauliza kwa adabu, "Bwana, unauza au unanunua?" Kicheko kilisikika mpaka sokoni.

Moinahalima alifungua mlango, akapiga magoti pale chini kwenye vumbi la saruji na buibui lake, akautoa mguu wa mumewe chini ya klachi kwa mikono yake. Salimou alikuwa dereva wa miaka ishirini na miwili, na hajawahi kuaibika namna hii mbele ya mkewe.

Usiku ule kwenye boti Moinahalima alianza tena kutapika. Mwisho Salimou akasema, "Waambie tu. Waambie nimeshindwa."

"Sitawaambia hivyo."

"Utawaambia nini?"

Moinahalima alifuta mdomo kwa kanga. "Nitawaambia hatukupewa chakula."

"Mama Nouriat! Umekula kuku wa watu!"

"Najua nilichokula. Nitaomba toba, Mungu ni mwingi wa kusamehe. Kaka yangu yeye si mwingi wa kusamehe."

Na kweli, alivyosema ndivyo ilivyokuwa. Sebule nzima ilipiga kelele. Chamsidine, ambaye jana yake angekufa kwa ajili ya gia za mkono, alisimama akatikisa mkono. "Hata maji?" "Hata maji, kaka." "Mgeni amevuka bahari, hapewi hata maji! Na gari lake nani atalipanda? Gari la nyumba ya namna hiyo lina baraka gani?" Mzee Youssoufa akasema siku zote alikuwa na wasiwasi na watu wa Mutsamudu. Salimou alikaa mlangoni, masikio yamemwaka moto, anakumbuka ile achari ya ndimu. Jumatatu wakanunua gari la mamluki.

*

Lilifika Ikoni saa kumi alasiri, rangi ya maziwa, Salimou ndiye anayeliendesha. Mguu wa kulia unafanya kazi, wa kushoto umepumzika. Alipita barabara ya kwenye pwani, akapiga honi mara mbili, akaliegesha bangweni, yaani ule uwanja wa mbele ya msikiti wanapokaa wazee. Alitabasamu. Watu waliokuwepo wanasema hawakukumbuka kama ana meno mazuri vile.

Wazee wakalizunguka. Kila mtu akagusa kitu. Mzee Youssoufa akafungua mlango wa dereva, akainama kwa shida, akachungulia chini ya usukani, akakaa humo muda. Alipoinuka uso ulikuwa umebadilika.

"Pedali ziko mbili."

"Ndiyo, mzee, ndivyo..."

"Ziko mbili! Njooni mhesabu wenyewe!"

Wakaja wakahesabu. Fundi Ousseni, aliyekuwa na karakana njia ya Moroni, akasema magari ya otomatiki ndivyo yalivyo, klachi hakuna. Lakini aliyasema hayo kwa sauti ndogo, akiwa na spana mkononi, na mzee alikuwa na sauti kubwa.

"Gari limetoka kwa nani?" aliuliza Youssoufa.

"Kwa mamluki."

"Watu hawa walishuka pwani usiku, wakachukua nchi. Sasa mnaniambia wameweza kuchukua nchi, washindwe kuchukua pedali?"

Ebu jaribu wewe kulijibu swali hilo. Bangwe zima lilishindwa. Ulikuwa mwaka wa tano tangu mamluki waingie, na hakukuwa na mtu pale asiyechukuliwa kitu. Mmoja alichukuliwa pikipiki, mwingine kazi, mwingine mwanawe alilala ndani siku tisa kwa neno alilosema kahawani. Shamba la minazi la msikiti lilichukuliwa likafanywa uwanja wa kulengea shabaha. Hakuna kilichowahi kurudi, wala hakuna aliyewahi kwenda kudai. Nani aende? Lakini pedali ni kitu kidogo, na kitu kidogo mtu anaweza kukidai bila kuuawa.

"Jamani, gari linakwenda," alisema Salimou. "Nimelileta kutoka Moroni. Linakwenda!"

"Linakwenda kwa sababu hujui ulichoibiwa," alimjibu Chamsidine.

Kesho yake wazee sita walivaa majoho yao, wakafunga vilemba, wakashika fimbo, wakapakiwa kwa kubanana kwenye gari lilelile lililoibiwa pedali, na Salimou akawapeleka mpaka lango la kambi ya mamluki, kupita Moroni. Askari wa zamu aliwaambia waondoke. Wakatandika mkeka wakakaa. Aliwaambia tena. Mzee Youssoufa akatoa tasbihi. Walikaa juani tangu saa tatu mpaka saa saba, midomo imekauka, na mmoja wao, niseme kweli, alikuwa akitetemeka magoti wakati wote, lakini hakuinuka.

Mwisho akatoka afisa mmoja wa kizungu, shati limelowa jasho. Alipoona majoho sita alisita langoni, kwa sababu alidhani moja kwa moja hawa wamekuja kuhusu shamba la msikiti, na habari kama hiyo ikifika juu yeye ndiye atakayeulizwa. Mkalimani akamtafsiria. Afisa akaomba arudiwe. Akarudiwa: pedali. Akakaa juu ya jiwe, akajifuta uso, akacheka peke yake. Kisha akaamuru, na baada ya robo saa wakaletewa pedali ya klachi iliyong'olewa kwenye lori bovu, nzito, imefungwa kwenye gazeti. Afisa akawapa mkono wote sita.

Waliipakata pedali na gazeti lake mpaka walipopita Moroni. Hapo ndipo kelele zilipoanza. Wameirudisha! Wamekiri! Mmoja wa wazee, yule wa magoti, akauliza taratibu, "Na shamba?"

"Tuanze na pedali," alisema Youssoufa.

Ikoni waliingia kwa vigelegele. Wanawake walimwaga mchele juu ya gari. Pedali ilizungushwa nyumba kwa nyumba kwenye sinia, watu wakaishika kwa zamu, na kuna mama mmoja aliyeikumbatia akalia. Salimou alikaa nyuma ya usukani na kichwa mikononi.

*

"Niifunge wapi?" aliuliza fundi Ousseni siku ya pili, pedali mkononi, wazee wamemsimamia. "Haina pa kushika."

"Mahali pake," alisema Chamsidine. "Kushoto."

Ousseni alimtazama Salimou. Salimou akatazama pembeni. Basi fundi akatoboa sakafu, akakaza bolti tatu, na kwa kuwa alikuwa fundi mwenye kuipenda kazi yake, akaweka na springi ili ikibonyezwa irudi juu, isionekane imekufa. Springi ilikuwa ya lori, ngumu.

Siku ya kwanza ya teksi Salimou hakuigusa. Alikuwa na abiria wanne, na aliyekaa mbele hakutazama bahari wala milima. Alitazama miguu. Walipofika Moroni akashuka, akalipa, akasema, "Hukuibonyeza."

"Nini?"

"Pedali yetu. Hata mara moja."

Jioni mji mzima ulijua kwamba Salimou anaidharau pedali ya wazee. Siku ya pili gari lilikwenda Moroni tupu, likarudi tupu. Siku ya tatu vilevile. Aliwapita abiria wake wakitembea kwa miguu barabarani, na walimsalimia vizuri kabisa, wakamuuliza hali ya nyumbani, wakaendelea kutembea.

Siku ya nne akaanza kubonyeza. Goti halikunji, kwa hiyo ilimbidi aushike mguu kwa suruali, aunyanyue mzima kutoka kwenye nyonga, autue juu ya pedali kwa uzito wote, halafu springi iutupe juu. Kila gari lilipobadilisha gia, na yeye akajifanya kuibadilisha. Abiria wakarudi. Walijaa. Walijifunza kusikiliza mlio wa injini, na mlio ukibadilika tu, wote wanne kwa pamoja: "Bonyeza!" Alikuwa akiingia Badjanani, mtaa wa Moroni, shati limemganda mgongoni, machozi yakimlengalenga, na abiria wanashuka wakisema sasa gari linakwenda vizuri, linasikika.

Wiki ya pili goti lilivimba. Moinahalima alipasha chumvi moto, akaifunga kwenye kitambaa, akamkanda.

"Hivi ile pedali inafanya nini?"

"Haifanyi kitu."

"Hakuna kabisa?"

"Inarudi juu."

Aliendelea kumkanda. "Dhahabu yangu nimeiuza upumzishe mguu huu. Waambie, baba Nouriat. Waambie ukweli."

"Niwaambie nini? Kwamba wazee sita walikaa juani kwa muda wa saa nne, wanaogopa, na walichopewa ni chuma cha bure? Wewe hukuwaona walivyorudi. Mzee Youssoufa aliimba. Mimi nimemjua mzee yule tangu nizaliwe, sijawahi kumsikia akiimba."

"Na wewe je?"

"Mimi nina gari," alisema Salimou, na maumivu yakamfanya afumbe macho.

Chamsidine alikuja Jumatano. Hakuja kwa ubaya, hilo mnipe haki niliseme. Alikuja na papai. Alilitazama goti, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Nasikia klachi inakushinda, shemeji. Umejitahidi, hakuna atakayesema hukujitahidi. Ijumaa baada ya sala tutampa Elamine funguo mbele ya wazee, mambo yafanyike kwa heshima. Wewe pumzika."

Alipoondoka, Salimou alibaki akikitazama kiti cha mlangoni. Wamemtafutia gari lisilo na klachi, wakalipatia klachi, na sasa klachi isiyofanya kazi ndiyo inayomfukuza kazi. Alitaka kucheka, akashindwa, akalia mbele ya mkewe bila kujificha.

*

Ijumaa watu walitoka msikitini wakakaa bangweni, kila mtu kwa daraja lake. Gari lilikuwa pale, limeoshwa. Elamine alikuwa kando yake na miwani ya jua. Wanawake walikuwa madirishani, Moinahalima miongoni mwao. Chamsidine akasimama, akasema maneno mazuri kuhusu shemeji yake, mpaka ungedhani amefariki. Akanyoosha mkono apewe funguo.

Salimou hakutoa. Alikuwa mtu aliyefunga arusi kubwa, ana haki ya kusema bangweni, na tangu aumie hakuwahi kuitumia haki hiyo hata siku moja. Aliinuka kwa kushika bega la jirani.

"Nataka kusema," alianza, akalishika vizuri lile bega. "Nataka kusema kuhusu pedali."

Moinahalima alishika ukingo wa dirisha. Fundi Ousseni, kule nyuma, aliweka mkono mdomoni. Salimou alimtazama Mzee Youssoufa, akamwona amekaa wima, joho lile lile, fimbo katikati ya magoti, anasubiri. Wazee wengine watano walikuwa hivyohivyo. Watu wakaanza kukohoa.

"Pedali yenu ni nzuri," alisema. "Mguu wangu ndio mbovu. Mmeniambia utapona, na mimi nimekuwa nikiwaambia unapona. Hauponi. Umekufa. Mutsamudu uliniaibisha mbele ya wapakuzi, wakacheka, na mke wangu akapiga magoti chini kuutoa. Walitulisha vizuri kule, wali na kuku. Alidanganya kwa ajili yangu. Nimeuficha mguu huu mwaka na nusu, nimechoka. Sasa mmejua. Mimi ni kilema. Ila nikiwa ndani ya gari lile nabaki dereva, na mkinitoa humo sijui nitakuwa nini. Basi."

Akakaa. Hakuna aliyemtazama, kwa heshima. Dirishani Moinahalima alikuwa amejifunika uso kwa leso. Chamsidine alibaki na mkono wake umenyooka, hajui aurudishe vipi, na midomo yake ilionekana kusema peke yake: kuku?

Mzee Youssoufa aliigonga fimbo chini.

"Salimou, tangu uumie unasalije?"

"Nasali kwa kukaa, mzee."

"Na rukuu?"

"Naashiria. Kwa kichwa."

"Na sala yako inapokelewa?"

"Inshallah."

"Imamu, inapokelewa?" Imamu akasema mgonjwa asiyeweza kuinama huashiria kwa kichwa, hilo halina mjadala, na thawabu yake ni kamili.

"Basi Mwenyezi Mungu anakubali kichwa," alisema Youssoufa, "halafu gari likatae? Gari lenyewe la mamluki? Tumejikweza sana, jamani. Mtu huyu ana udhuru. Ataibonyeza kwa kuashiria."

Kisha bangwe zima lilianza kusema kwa pamoja. Mmoja akauliza aashirie mara moja au mbili. Mwingine akauliza kama kupanda mlima kuna hukumu yake. Imamu akasema yeye hayumo kabisa katika habari ya magari, asitajwe. Chamsidine, aliyekuwa ameurudisha mkono kwa kujikuna shingo, akauliza swali la maana zaidi: "Na likikataa?"

"Lijaribiwe," alisema mzee.

Likajaribiwa. Salimou aliingia, Youssoufa akaingia mbele, wazee watatu nyuma. Aliwasha. Mguu wa kushoto aliulaza kando, ukapumzika kwa mara ya kwanza tangu wiki ya pedali. Gari likaanza kwenda. Mlio wa injini ulipobadilika, bangwe zima likatazama kichwa chake, naye akakiinamisha, taratibu, kwa adabu. Gari likaongeza mwendo.

"Limekubali!" walipiga kelele vijana. "Limekubali!"

Ousseni fundi alitazama juu mawinguni kwa muda. Elamine alivua miwani, akaitazama leseni yake, akairudisha mfukoni. Chamsidine alikwenda mpaka chini ya dirisha la dada yake, akasimama pale. "Kuku mzima?" aliuliza. "Mzima, kaka," alijibu Moinahalima, bado analia. Chamsidine akafikiri. "Tutawapelekea kitu Mutsamudu," akasema. "Hatuwezi kukaa hivi."

*

Teksi ikapata watu kuliko zote za njia ile. Abiria walizoea, na wengi wao mlio ukibadilika waliinamisha vichwa pamoja naye, kumsaidia. Wageni waliopanda Moroni walidhani gari lote lina usingizi. Uvimbe ukashuka. Asubuhi kiti cha mlangoni kilikuwa kitupu, na jioni Salimou alirudi na samaki, akagombana na mkewe kuhusu chumvi.

Jumamosi moja Moinahalima alikwenda naye Moroni kununua vitambaa. Kurudi, abiria wote walishukia mwanzo wa mji, wakabaki wao wawili, barabara nyeupe kwa jua, hakuna mtu. Injini ikabadilisha mlio. Salimou akainamisha kichwa. Mbele kidogo kwenye kilima ikabadilisha tena. Akainamisha tena, macho yako njiani, mikono yote miwili kwenye usukani.

Moinahalima alimtazama, akacheka. "Baba Nouriat, wacha basi. Tuko peke yetu. Nani anakuona?"

"Usinisemeshe, mke wangu," alisema Salimou. "Niko kazini."